Kadi ya NHIF, bima ya mwajiri au fedha yako: njia tatu za kulipia upasuaji wa kupunguza uzito ukiwa Dodoma

Nilikaa miaka tisa nyuma ya dirisha la bima katika hospitali moja hapa Dodoma. Kazi yangu ilikuwa kupokea mafaili, kuomba vibali na kumpa mgonjwa jibu likirudi. Wagonjwa wa upasuaji wa kupunguza uzito hawakuwa wengi, lakini ndio waliokaa kichwani mwangu kuliko wengine. Wengi walifika dirishani wakiwa wamejiandaa kwa kisu na hawajajiandaa kwa karatasi. Daktari ameshawaelekeza, familia imeshakubali, likizo imeshaombwa, halafu jibu la bima linarudi kwa neno moja: haikuidhinishwa. Nimewaona watu wazima wakilia mbele ya kioo kile.

Tangu niondoke pale, simu hazijakatika. Leo ni mtumishi wa Mji wa Serikali Mtumba mwenye kadi ya NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, kesho mfanyakazi wa benki mwenye bima ya kampuni binafsi, keshokutwa mama mwenye duka la nafaka Majengo ambaye ameweka fedha kidogokidogo na hana bima yoyote ya maana. Wote wanauliza nipite wapi. Siwezi kumjibu kila mmoja jibu moja, kwa hiyo nimeziweka njia tatu mezani hapa na kuzipima kwa mizani ileile.

Kwanza tujue tunaomba nini

Watu husema "kukata utumbo" wakimaanisha mambo matatu tofauti, na bima huyatazama tofauti.

La kwanza ni kupunguza mfuko wa tumbo. Daktari huondoa takriban asilimia 75 hadi 80 ya tumbo na kubakiza mrija mwembamba. La pili ni kutengeneza kifuko kidogo sehemu ya juu ya tumbo na kukiunganisha na utumbo mdogo, ili chakula kiruke sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Yote mawili siku hizi hufanywa kwa matundu madogo, na yote ni ya kudumu kwa namna yake, ingawa la kwanza ndilo lisilorudishika kabisa, maana kilichokatwa kimekatwa. La tatu ni puto. Hili si upasuaji. Linaingizwa kwa kupitia mdomoni, linajazwa, na aina nyingi hukaa miezi sita kisha hutolewa. Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila jijini Dar es Salaam, hutoa huduma ya puto na ya upasuaji, ndiyo maana safari nyingi za watu wa Dodoma huanzia hospitali zetu za Benjamin Mkapa au General na kuishia kule.

Sasa kipimo. BMI ni uzito wako kwa kilo, ukigawanya kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwongozo wa wataalamu wa Marekani wa mwaka 1991 uliweka mstari kwenye BMI 40, au 35 kama una ugonjwa unaoletwa au kuzidishwa na unene, kama kisukari aina ya pili, presha, au kukatika pumzi usingizini. Mwaka 2022 vyama viwili vya madaktari wa upasuaji huu, cha Marekani na cha kimataifa, vilishusha mstari: 35 hata bila ugonjwa mwingine, na kuanzia 30 kwa mwenye ugonjwa wa kimetaboliki kama kisukari. Daktari wako anaweza kuwa amesoma mwongozo mpya huku mkataba wa bima yako umeandikwa kwa ule wa zamani. Hapo mnagongana, na mwenye kulipa ndiye mwenye neno. Uliza mapema wanatumia mstari upi.

Vigezo nitakavyotumia

Kwa kila njia nitauliza mambo sita: mlango uko wapi, yaani nani anaruhusiwa kuingia, karatasi zinazodaiwa, muda wa kusubiri, kitakachobaki mfukoni mwako kulipa, matunzo baada ya upasuaji, na unakwenda wapi wakikukatalia. Kisha nitasema inamfaa nani.

Neno moja kabla sijaendelea. Kiswahili kimetupa neno "rufaa" kwa mambo mawili. Kuna hati ya rufaa, inayokutoa hospitali ndogo kwenda kubwa, na kuna kukata rufaa, unapopinga uamuzi. Nimeona mgonjwa akiambiwa "lete rufaa" akaandika barua ya malalamiko, kumbe alitakiwa alete karatasi ya daktari. Wiki mbili zikapotea. Ukisikia neno hilo dirishani, uliza ni ipi.

Njia ya kwanza: kadi ya NHIF

*Mlango.* Mtumishi wa umma yumo tayari. Anakatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri anaweka asilimia 3, na kadi humhudumia yeye, mwenza wake na wategemezi hadi wanne. Kwa hiyo uanachama si tatizo. Mlango halisi ni kitita cha mafao: huduma uliyoandikiwa imo, kwa ngazi gani ya hospitali, na kwa masharti gani. Kitita hubadilika. Kile kilichoanza kutumika tarehe 1 Machi 2024 kilileta mvutano mkubwa na hospitali binafsi, na watu wengi waligundua mabadiliko wakiwa tayari wamelala kitandani. Usishike jibu alilopewa jirani mwaka juzi. Nenda mwenyewe, ukiwa na jina kamili la upasuaji lililoandikwa na daktari, uulize juu ya jina hilo hilo. Ukiuliza "mnalipia kupunguza unene?" utajibiwa hapana hata pale ambapo jibu lingeweza kuwa tofauti, kwa sababu masikioni mwa wengi maneno hayo ni urembo, na urembo haulipiwi.

*Karatasi.* Anayeomba kibali ni hospitali inayokutibu, wewe huombi. Hili watu hawalielewi na huzunguka bure na kadi mkononi. Kazi yako ni kuhakikisha daktari anaandika vizuri, faili limeshiba, na ngazi zimefuatwa: kituo cha afya au hospitali ya wilaya, mkoa, kanda, taifa. Ukiruka ngazi, faili hurudi hata kama ugonjwa unaonekana kwa macho.

*Muda.* Kupanda ngazi ndiko kunakokula siku, kuliko hata kibali chenyewe. Weka miezi, usiweke wiki.

*Kitakachobaki.* Hata kibali kikitoka, nauli ya Dar es Salaam ni yako, ya anayekusindikiza ni yako, malazi yake ni yako, na dawa au virutubisho visivyokuwemo kwenye kitita ni vyako.

*Baada ya upasuaji.* Hapa njia hii ina nguvu ambayo watu hawaioni. Kadi hiyohiyo inakubaliwa hapa nyumbani, kwa hiyo sukari, presha, picha ya damu na kliniki ya kawaida unaweza kuendelea nayo Dodoma bila kupanda treni kila mwezi.

*Wakikataa.* Makao makuu ya Mfuko yako hapahapa Dodoma. Mtu wa Kigoma analipa nauli kuja kuuliza kile ambacho wewe unaweza kuuliza wakati wa chakula cha mchana. Tumia nafasi hiyo kwa heshima, na daima omba sababu kwa maandishi.

Inamfaa mtumishi mwenye ajira ya kudumu, mwenye ugonjwa ulioandikwa miaka kadhaa kwenye mafaili ya serikali, asiyebanwa na haraka.

Njia ya pili: bima ya kampuni binafsi kupitia mwajiri

*Mlango.* Mlango ni mkataba. Kampuni moja inaweza kuuza mikataba miwili kwa waajiri wawili wa mtaa mmoja, mmoja ukaruhusu na mwingine ukakataza. Kile kijitabu chenye picha ya familia inayocheka hakitoshi. Unatakiwa usome orodha ya yasiyolipiwa, ambayo huwa mwishoni kwa herufi ndogo. Tafuta maneno "unene", "uzito", "urembo", "majaribio". Mikataba mingi huyaweka matibabu ya unene kwenye orodha hiyo moja kwa moja. Ukiyakuta, kibali hakitaletwa na barua nzuri ya daktari. Kitaletwa na mwajiri atakapokaa na kampuni wakati wa kuhuisha mkataba na kuomba kipengele hicho kiongezwe, na mwajiri mwenye wafanyakazi wengi husikilizwa kuliko mwenye kumi.

Kwa hiyo mtu wako wa kwanza ni ofisa rasilimali watu, na tarehe yako ya kwanza ni ile ya kuhuisha mkataba. Mfanyakazi mmoja wa taasisi binafsi hapa mjini alinifuata Novemba na faili zuri kabisa. Mkataba ulikuwa unahuishwa Januari. Nilimshauri asiombe kibali kwanza, aende kwa mwajiri. Hakutaka kusema tatizo lake ofisini, na ninamwelewa, kwani unene ni ugonjwa ambao watu huufanya mzaha kwenye korido. Aliomba, akakataliwa kwa kipengele kile kile, na Januari mkataba ukahuishwa vilevile ulivyokuwa. Mwaka mzima ulikwenda. Huhitaji kutaja jina lako. Unaweza kuomba kwamba ofisi iulize kwa niaba ya wafanyakazi wote wenye magonjwa yanayotokana na uzito.

*Karatasi.* Ni nyingi kuliko NHIF na maswali ni makali zaidi. Watataka kuona majaribio ya kupunguza uzito bila upasuaji, yenye tarehe, chini ya mtaalamu. Watauliza pia ulijaza nini siku ya kujiunga. Aliyeandika "sina ugonjwa wowote" huku akimeza dawa za presha amejifungia mlango mwenyewe, na anaweza kupoteza hata mafao mengine. Usifiche.

*Muda.* Jibu lenyewe huja upesi. Dirishani kwangu kampuni binafsi zilijibu ndani ya siku chache, nyingine siku ileile. Kinachochelewesha ni kipindi cha kusubiri kwa magonjwa yaliyokuwepo kabla hujajiunga, na mwaka wa mkataba. Kibali kikitolewa mwezi wa mwisho wa mkataba na upasuaji ukapangwa mwezi unaofuata, unaweza kulazimika kuomba upya, au mwajiri akawa amehamia kampuni nyingine na kila kitu kikaanza sifuri.

*Kitakachobaki.* Angalia ukomo wa fedha kwa mwaka, na kama ukomo huo ni wa mtu mmoja au wa familia nzima. Upasuaji mmoja ukimaliza fedha ya familia mwezi Machi, mtoto akiugua Agosti utalipa mwenyewe. Angalia pia kama kuna asilimia unayochangia.

*Baada ya upasuaji.* Ajira ikiisha, bima imeisha. Mtu aliyefanyiwa upasuaji huu anahitaji vipimo kila mwaka, maisha yake yote. Jiulize utakuwa wapi baada ya miaka mitatu.

*Wakikataa.* Kampuni za bima zinasimamiwa na TIRA, mamlaka ya usimamizi wa bima, ambayo nayo makao yake makuu yako Dodoma, na ipo ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Lakini msuluhishi hataandika upya mkataba. Atatazama kama kampuni imeufuata. Kipengele kikikataza waziwazi, huna kesi.

Inamfaa mwenye mwajiri mkubwa anayesikiliza, mwenye mkataba usiokataza, na mwenye uhakika wa kubaki kazini angalau miaka michache.

Njia ya tatu: kulipa mwenyewe

*Mlango.* Hakuna kibali cha bima. Kinabaki kibali cha daktari, na hicho ndicho muhimu kuliko vyote. Hospitali makini itadai vipimo vilevile: moyo, mapafu, sukari, homoni za tezi, kuangaliwa tumbo kwa kamera, kupimwa bakteria wa vidonda vya tumbo, kuonana na mtaalamu wa lishe na wa afya ya akili. Ukikutana na mtu yuko tayari kukufanyia upasuaji wiki ijayo kwa sababu tu fedha ipo, toka hapo.

*Karatasi.* Karatasi kubwa ni moja, nayo ni mchanganuo wa gharama. Usikubali bei ya jumla iliyotajwa kwa mdomo. Taka iandikwe: vipimo vya awali, chumba cha upasuaji, daktari wa usingizi, vifaa vya kubana na kukata tumbo (hivi hutumika mara moja tu na ndivyo vinavyopandisha bei), siku za kulala, dawa, na kliniki za miezi ya kwanza. Kisha uliza swali ambalo wengi huogopa kuuliza: yakitokea matatizo nikahitaji kurudishwa chumba cha upasuaji au kulazwa chumba cha uangalizi maalumu, nani analipa?

Swali hilo lina pacha wake, na linawahusu hata wenye bima. Baadhi ya mikataba husema kwamba kama huduma yenyewe hailipiwi, basi na madhara yake hayalipiwi. Mtu analipa upasuaji kwa fedha yake, anavuja kwenye mshono siku ya kumi, anakimbilia kadi yake, na kadi inagoma. Uliza kabla, kwa maandishi.

*Muda.* Ndiyo njia fupi kuliko zote. Kwa mwenye kisukari kinachokimbia, muda una thamani.

*Kitakachobaki.* Kila kitu. Ushauri wangu ni kwamba usitumie fedha yote kwenye upasuaji wenyewe. Weka pembeni kiasi cha kutosha matatizo ya mwezi wa kwanza na virutubisho vya mwaka mzima. Kama kulipa upasuaji kunakulazimu kuuza kiwanja pekee cha Nkuhungu au kuchukua mkopo wa SACCOS utakaokula nusu ya kipato, rudi nyuma ufikirie puto, au matibabu ya dawa na lishe kwa mwaka mmoja. Kwa wastani uzito unaopungua kwa puto ni mdogo kuliko ule wa upasuaji, na sehemu ya uzito huweza kurudi likishatolewa, lakini kwa wengine limetosha kuvusha.

*Baada ya upasuaji.* Hapa ndipo wanaolipa wenyewe huanguka. Vitamini B12, madini ya chuma, kalisi na vitamini D ni vya maisha yote, hasa kwa aliyeunganishwa utumbo. Fedha ikiisha, hivi ndivyo hukatwa kwanza, kwa sababu mtu anajiona mzima. Upungufu wa damu na ganzi za miguu huja baadaye, polepole. Na wanaokwenda kufanyiwa India au kwingine wajue kwamba kuvuja kwa mshono na kuganda kwa damu miguuni hutokea zaidi wiki za mwanzo, yaani wakati ambapo umesharudi nyumbani. Ukiwa na homa, mapigo ya moyo yanayokimbia, maumivu ya tumbo yanayopanda begani au kukosa pumzi, nenda hospitali usiku huohuo, na ueleze ulichofanyiwa.

*Wakikataa.* Hakuna wa kukukatalia, na hakuna wa kumlalamikia pia, zaidi ya hospitali yenyewe na uliyoyasaini.

Inamfaa mwenye akiba ambayo ikitoka nyumba haiyumbi, mwenye dalili za kitabibu zilizo wazi, ambaye njia mbili za kwanza zimefungwa kwa maandishi.

Faili, ambalo njia zote tatu zinalihitaji

Nimeliacha hapa kwa makusudi, kwa sababu ningeanza nalo mngedhani ni la wenye bima tu.

Mwalimu mmoja wa Kongwa alikuja na faili lililorudishwa mara mbili. Kisukari kilikuwepo, kimeandikwa. Magoti mabovu, yameandikwa. Kilo 92. Sababu ya kukataliwa: BMI haijafika. Nilipiga hesabu na nikapata 33.4, kwa urefu wa mita 1.66 uliokuwa kwenye fomu. Nikamtazama, mimi mwenyewe ni mfupi, na tulikuwa tunaonana macho kwa macho.

"Mama, shikamoo tena. Hivi ulipimwa urefu ukiwa umevaa viatu?"

"Marahaba, mwanangu. Si nilisimama nilivyokuja."

Tulimrudisha chumba cha vipimo akavua viatu. Mita 1.62. BMI 35.06. Mtu alikuwa amekaa miezi mitano nje ya mstari kwa sababu ya kisigino cha sentimita nne. Faili likarudi kwa daktari, likasahihishwa, likatumwa upya. Vueni viatu. Na mkipimwa, someni kilichoandikwa kabla hamjatoka chumbani.

Kingine ni historia ya uzito. Bima haiamini kilo za leo peke yake. Inataka kuona mwaka huu, mwaka jana, mwaka juzi. Wengi wetu tumepimwa uzito mara kumi bila kujua, kwenye kliniki ya wajawazito, tulipokwenda na malaria, tulipopimwa presha. Daftari hizo ni ushahidi. Zitafuteni kwenye makabati.

Kisha majaribio. "Nimejaribu kila kitu" si jaribio. Jaribio ni karatasi ya mtaalamu wa lishe yenye tarehe, uzito wa siku hiyo na maelekezo, kila mwezi, kwa miezi sita au zaidi. Na mtaalamu mzuri wa lishe hapa Dodoma hatakuandikia vyakula vya dukani. Atakuuliza ugali wa uwele unakula kiasi gani, mlenda unautia karanga kiasi gani, na jioni ukitoka kazini unapita kwa muuza chipsi wapi. Jibu kwa ukweli. Karatasi inayoonyesha ulipungua kilo nne kisha ukarudisha tatu haikuharibii ombi. Inaonyesha ulijaribu na mwili ukashinda, na ndivyo ugonjwa huu ulivyo.

Na barua ya daktari. Barua dhaifu husema "mgonjwa ni mnene, anahitaji upasuaji". Barua yenye nguvu hutaja BMI na tarehe, kila ugonjwa na ulipogundulika, dawa na dozi zake, matokeo ya sukari ya miezi mitatu (ile HbA1c), majaribio yaliyofanyika, aina ya upasuaji na kwa nini hiyo, na hatari ya kuuacha. Muombe daktari kwa upole aipitie tena ukiona pengo. Madaktari wana foleni ndefu, hawachukii kukumbushwa.

Tengeneza nakala mbili za kila kitu. Moja ibaki nyumbani.

Kwa hali yako

*Wewe ni mtumishi wa umma na sukari haijatulia kwa miaka.* Anza na NHIF, kwenye hospitali unayotibiwa sasa, usihame. Ulizia jina la upasuaji kwenye kitita cha sasa. Jibu likiwa hapana, lipate kwa maandishi, maana utalihitaji mahali pengine, ikiwemo kwa mwajiri na kwa ustawi wa jamii wa hospitali.

*Una bima ya kampuni na mkataba unakataza.* Usipoteze nguvu kwenye rufaa. Hesabu miezi hadi siku ya kuhuisha, na tumia miezi hiyo kujaza karatasi za lishe, ili mlango ukifunguka faili liwe tayari.

*Una kadi ya NHIF kupitia mwenza wako na bima ya kampuni kupitia kazi yako.* Ipo nafasi hapa. Uliza zote mbili kabla ya kuomba popote, kisha omba pale ambapo matunzo ya baadaye yatakuwa rahisi zaidi, siyo pale jibu linapokuja haraka.

*BMI yako iko kati ya 30 na 35.* Bima nyingi zitakukatalia leo. Kama una kisukari, muulize daktari juu ya mwongozo wa 2022 na aseme kwa barua. Kama huna, puto au mpango wa dawa na lishe ndiyo mazungumzo ya kuanza nayo.

*Wewe ni mwanamke unayetaka mtoto karibuni.* Baada ya upasuaji hushauriwa kusubiri miezi 12 hadi 18 kabla ya ujauzito. Ukiongeza na miezi ya kibali, unaweza kufika miaka miwili na zaidi. Panga na mwenza wako kwanza, kisha ndipo uchague njia ya kulipia.

*Una akiba na una haraka ya kitabibu.* Lipa, lakini fika kwa ajili ya mchanganuo wa gharama kwanza, rudi nyumbani, lala nao. Treni ya mwendokasi imefanya Dodoma na Dar es Salaam kuwa safari ya chini ya saa nne, na kwa mtu mwenye mshono tumboni ni afadhali kuliko basi la Nzuguni. Hesabu nauli za kliniki za mwezi wa kwanza, wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili ndani ya bajeti.

*Uko Chamwino, Bahi au Kondoa na una CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, peke yake.* Kadi ile ya kaya inaishia hospitali ya mkoa, kwa hiyo haitafika Mloganzila. Lakini ina kazi: itakupimia presha na sukari na uzito, kwa tarehe, kwa maandishi, karibu na nyumbani. Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote Novemba 2023 na mambo ya bima yanaendelea kubadilika nchini. Siku mlango mwingine utakapofunguka kwako, utaulizwa historia. Nenda kituo chako cha afya wiki hii, omba wakuandikie uzito na urefu kwenye daftari, na umwambie nesi utarudi mwezi ujao tarehe hiyohiyo.